Kupanga uchunguzi wa ukinzani wa waya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wanafunzi wa Kidato cha Tatu na cha Nne, pamoja na walimu wanaowaandaa kwa kazi za vitendo. Vifaa tunavyovitaja ni vile vinavyopatikana katika maabara nyingi za shule Tanzania na Kenya: betri kavu, amita ya 0–1 A, voltimita ya 0–3 V, riostati (kifaa cha kurekebisha mkondo) na rula ya mita. Jambo moja tunalisisitiza kuliko yote: hesabu ifanywe kabla waya haujaunganishwa. Anayejua mapema kwamba mshale wa amita utasimama karibu na 0.3 ndiye atakayeshtuka mara moja ukisimama kwingine.

Nichunguze nini hasa? "Ukinzani" ni mada pana.

Ukinzani wa waya hutegemea mambo manne: urefu, unene, aina ya metali na joto. Chagua moja tu ulibadilishe, mengine matatu uyashikilie yasibadilike. Hilo moja ndilo kigeu huru, na ukinzani unaoupata ndio kigeu tegemezi.

Kwa mara ya kwanza, chagua urefu. Unapimwa kwa rula, unabadilika kwa hatua ndogo kadiri utakavyo, na grafu yake ni mstari ulionyooka. Aina ya metali ni chaguo dhaifu kuliko linavyoonekana, kwa kuwa huwezi kuchora grafu ya shaba, chuma na nikromu (mchanganyiko wa nikeli na kromu) kwenye mhimili wa namba. Utaishia na jedwali la safu nne na maelezo machache. Swali lako liandikwe likiwa na mipaka yake, kwa mfano: "Ukinzani wa waya wa konstantani wenye kipenyo cha 0.27 mm hubadilikaje urefu unapoongezwa kutoka sm 20 hadi sm 100?" Mtu akilisoma tu anajua utashika nini mkononi.

Kwa nini kila mtu anasema konstantani? Waya wa shaba si upo kila duka la umeme?

Upo, na ndio unaowaangusha wengi. Ukinzani mahususi, yaani kipimo cha jinsi metali yenyewe inavyokinza umeme bila kujali urefu wala unene wa waya, kwa shaba ni kama 1.7 × 10⁻⁸ Ω m, wa konstantani ni 4.9 × 10⁻⁷ Ω m, yaani karibu mara 29. Chukua mita moja ya waya wa shaba wenye kipenyo cha 0.274 mm: ukinzani wake ni omu 0.29. Ukipitisha 0.30 A, volteji kwenye ncha zake ni 0.09 V. Voltimita yako ina alama kila 0.1 V, kwa hiyo mita nzima ya waya haifikishi hata alama moja. Ukiongeza mkondo ili upate volti za kusomeka, betri zinachoka na waya unapata moto, na shaba ikipata moto ukinzani wake hupanda.

Konstantani ni mchanganyiko wa shaba kama asilimia 55 na nikeli asilimia 45. Sifa yake kubwa ni kwamba ukinzani wake haujali joto: waya ukipata nyuzi 25 za ziada, mabadiliko hayafiki hata asilimia 0.1. Shaba kwa nyuzi hizo hizo 25 hupanda karibu asilimia 10.

Nikromu nayo inafaa, ukinzani wake mahususi ni kama 1.1 × 10⁻⁶ Ω m. Wengine huitoa kwenye koili za jiko la umeme. Kuna mambo mawili ya kuangalia hapo. Kwanza, ipitishie sumaku: koili nyingi za bei nafuu si nikromu bali ni mchanganyiko wa chuma, kromu na alumini, na huo hunaswa na sumaku. Pili, koili iliyokwisha kutumika ina tabaka gumu la oksidi lisilopitisha umeme vizuri. Isugue kwa msasa pale klipu zitakaposhika, la sivyo utapima uchafu.

SWG 28, SWG 32 maana yake nini?

Ni namba za kiwango cha Uingereza cha unene wa nyaya. Namba ikipanda, waya unakuwa mwembamba zaidi. Hizi ndizo utakazokutana nazo, pamoja na ukinzani wa mita moja ya konstantani:

SWG 24: 0.559 mm, omu 2.0
SWG 26: 0.457 mm, omu 3.0
SWG 28: 0.376 mm, omu 4.4
SWG 30: 0.315 mm, omu 6.3
SWG 32: 0.274 mm, omu 8.3
SWG 34: 0.234 mm, omu 11.4

Usiiamini lebo ya kibiringo peke yake. Nyaya hurudishwa kwenye vibiringo visivyo vyao, hasa baada ya mitihani. Pima mwenyewe.

Kundi moja linahitaji vifaa gani, na kiasi gani?

Waya wa konstantani SWG 32, sm 110 (sm 10 za ziada ni za kushikiza ncha). Betri tatu za saizi D pamoja na kishikilio chake. Amita ya 0–1 A na voltimita ya 0–3 V. Riostati ya omu 20 au zaidi. Swichi moja. Nyaya saba za kuunganishia: tano za mzunguko mkuu na mbili za voltimita. Klipu za mamba nne. Rula ya mita, selotepu na kipande cha msasa laini. Maikromita, kifaa cha kupimia kipenyo cha waya, inaweza kuzunguka kati ya makundi.

Kwa darasa la wanafunzi 40 katika makundi ya watu wanne, hiyo ni mita 11 za waya na betri 30. Mwalimu anunue betri mbili tatu za akiba, kwani kuna kundi litakalosahau swichi ikiwa imefungwa.

Mnasema nipige hesabu kwanza. Hesabu zipi?

Tatu, na hazichukui dakika kumi.

Ya kwanza ni ukinzani unaoutarajia. Kwa SWG 32, sm 20 zitakupa omu 1.66, sm 40 omu 3.32, sm 60 omu 4.99, sm 80 omu 6.65, na sm 100 omu 8.31.

Ya pili ni mkondo. Tuseme unataka 0.30 A katika vipimo vyote. Volteji ya waya itakuwa 0.50 V kwenye sm 20 na 2.49 V kwenye sm 100, na zote mbili zinaingia ndani ya 0–3 V. Betri mbili zina jumla ya 3.0 V, lakini kila betri ina ukinzani wake wa ndani, ambao kwa betri ya kawaida ya tochi ni kama nusu omu. Kwa hiyo sehemu ya volti inaishia humo humo, na kwenye sm 100 utabaki bila nafasi ya kurekebisha. Ndiyo maana tumesema betri tatu. Kinyume chake, sm 20 bila riostati kwenye betri tatu zitapitisha zaidi ya ampea 1, na mshale wa amita utagonga mwisho.

Ya tatu ni ukubwa wa kosa la kusoma. Alama za voltimita zikiwa za 0.1 V, unaweza kusoma hadi nusu ya alama, yaani 0.05 V. Kwenye sm 100 hiyo ni asilimia 2 ya 2.49 V. Kwenye sm 20 ni asilimia 10. Kwenye sm 5, ambako volteji ni 0.12 V tu, ingekuwa zaidi ya asilimia 40. Hesabu hii ndiyo inayokuambia uanzie sm 20, na ukiiandika katika mpango wako unaonyesha kwamba urefu huo umeuchagua kwa sababu.

Nadharia tete iandikweje?

Iseme kitakachotokea, kwa uwiano gani, na kwa nini. "Ukinzani utaongezeka urefu ukiongezeka" ni nusu ya kazi. Andika hivi: "Ukinzani utaongezeka kwa uwiano sawa na urefu, hivyo urefu ukizidishwa mara mbili ukinzani nao utazidishwa mara mbili, kwa sababu elektroni zinapita katikati ya atomi mara mbili zaidi na kugongana nazo mara mbili zaidi." Kisha ongeza namba: "Natarajia mteremko wa grafu uwe karibu na omu 8.3 kwa kila mita." Sasa una kitu kinachoweza kuthibitishwa au kukanushwa na vipimo.

Hatua za kuunganisha ni zipi?

1. Nyoosha waya juu ya rula ya mita na uubane kwa selotepu ncha zote mbili. Usiuvute kwa nguvu, utarefuka na kukonda. Hakikisha hakuna kona wala mizunguko: waya usio na ganda ukijigusa wenyewe, umeme unapita njia ya mkato.

2. Sugua kwa msasa kila mahali klipu zitakaposhika.

3. Unganisha mzunguko mkuu kwanza, kitu baada ya kitu: betri, swichi, amita, riostati, waya wa majaribio, kurudi kwenye betri. Upande chanya wa betri uelekee upande chanya wa amita.

4. Voltimita iunganishwe mwisho, sambamba na waya wa majaribio. Klipu zake zishike waya wenyewe, ndani kidogo ya klipu za mkondo. Zikishika nyaya za kuunganishia utakuwa unapima na ukinzani usiokuhusu.

5. Weka riostati kwenye ukinzani wake mkubwa kabisa kabla ya kufunga swichi. Funga swichi, sogeza riostati polepole hadi amita isome 0.30 A, soma voltimita, fungua swichi.

6. Urefu unaouandika ni ule ulio kati ya klipu mbili za voltimita, kuanzia ukingo wa ndani hadi ukingo wa ndani.

Kila usomapo, jicho liwe wima juu ya mshale. Amita nyingine zina kioo kidogo chini ya mshale: mshale ukiifunika taswira yake, umesimama sawa.

Nichukue urefu ngapi, na nirudie mara ngapi?

Sm 20 hadi sm 100 kwa kila sm 10 ni vipimo tisa. Visipungue sita. Rudia mara tatu, lakini kurudia kusiwe kusoma mshale ule ule mara tatu bila kugusa kitu, maana hapo unapima macho yako tu. Panda kutoka sm 20 hadi 100, shuka kutoka 100 hadi 20, kisha panda tena, na kila mara ondoa klipu uzirudishe upya. Ikiwa namba za kushuka ni kubwa kuliko za kupanda kwa mpangilio unaoonekana, huenda klipu zinalegea. Kwa vipindi viwili vya dakika 40 kazi hii inatosha, ilimradi jedwali limechorwa nyumbani.

Kipenyo nakipimaje? Kwenye waya mwembamba namba inanichezea.

Hapa ndipo kosa kubwa la uchunguzi wote lilipo, na wengi wanapapita haraka. Maikromita ina alama za 0.01 mm. Waya wa 0.27 mm ukiwa na kosa la 0.01 mm, hiyo ni asilimia 3.7. Lakini eneo la mkato hutegemea kipenyo kilichozidishwa chenyewe kwa chenyewe, kwa hiyo kosa la eneo ni asilimia 7.4. Amita na voltimita kwa pamoja hazikufikishi huko kwenye urefu mkubwa.

Funga maikromita tupu kwanza uone inasoma nini. Ikisoma 0.02 badala ya 0.00, toa 0.02 katika kila kipimo. Ukisahau, 0.27 inakuwa 0.29 na eneo linazidi kwa asilimia 15. Zungusha kwa kile kitasa kidogo cha mwisho kinacholia, usikaze kwa ngoma yenyewe, maana unauponda waya. Pima sehemu tatu za waya, na kila sehemu mara mbili kwa pembe mraba, kwa kuwa waya uliotumika hauwi duara kamili. Chukua wastani wa sita.

Shule yenye mizani ya kielektroniki ya 0.01 g ina njia iliyo bora zaidi. Kata mita 2 za waya, zipime uzito. Konstantani ina densiti ya 8.9 g kwa kila sentimita ya ujazo, kwa hiyo mita 2 za SWG 32 zitakuwa na gramu 1.05. Gawanya kwa densiti upate ujazo, gawanya kwa urefu upate eneo moja kwa moja. Kosa ni asilimia 1 tu. Ni njia isiyotumiwa sana mashuleni, na tunaipendekeza kwa moyo wote.

Betri zikiendelea kuchoka, matokeo yangu si yataharibika?

Hapana, ukisoma amita na voltimita kwa wakati mmoja. Ukinzani ni volteji ya waya ikigawanywa kwa mkondo wa waya, na namba hizo mbili hushuka pamoja. Kitakachotokea ni kwamba itakubidi usogeze riostati kidogo ili kurudi 0.30 A. Kosa linaingia pale unaposoma amita mara moja mwanzoni, halafu ukachukulia kwamba mkondo haujabadilika hadi mwisho.

Georg Simon Ohm mwenyewe, aliyekuwa mwalimu wa shule huko Cologne, alisumbuliwa na betri za zama zake zilizokuwa hazitulii. Katika majaribio ya 1826 aliziacha, akatumia viungo vya bismuthi na shaba, kimoja kwenye maji yanayochemka na kingine kwenye barafu, apate umeme usioyumba. Nyaya zake zilikuwa za shaba, zenye unene mmoja na urefu tofauti. Kazi yake kamili ilichapishwa 1827. Unachopanga wewe ni jaribio la ukoo huo huo.

Mshale hausogei, au unakwenda kinyume. Nianzie wapi?

Mshale wa amita ukirudi kushoto, umegeuza chanya na hasi. Fungua swichi, badilisha.

Amita ikikaa sifuri na voltimita ikionyesha karibu volti zote za betri, kuna mawili: ama umeiweka voltimita kwenye mstari mmoja na betri, ama waya wa majaribio hauguswi vizuri na klipu, na voltimita imeshika upande wa nje wa mkatiko. Voltimita ina ukinzani mkubwa, ikiwa kwenye mstari inauzuia mkondo.

Zote zikiwa sifuri, tafuta mkatiko: chemchemi ya kishikilio yenye kutu, waya wa kuunganishia uliokatika ndani ya ganda. Badilisha waya mmoja mmoja, usivunje mzunguko wote.

Amita ikiruka hadi mwisho ghafla, fungua swichi papo hapo. Huenda umeiweka amita sambamba na betri, au riostati imeunganishwa kwenye ule mhimili wa chuma wa juu peke yake, ncha zote mbili, na hivyo haikinzi kitu. Riostati hutumia kiungo kimoja cha juu na kimoja cha chini.

Mshale ukitetemeka ukigusa klipu, ni kutu au rangi. Msasa tena.

Naweza kutumia multimita nikapima omu moja kwa moja?

Kwa kukagua, ndiyo. Kwa uchunguzi wenyewe, haifai sana. Kwenye kipimo cha omu 200 multimita ya kawaida inaonyesha hatua za 0.1, na nyaya zake zenyewe zina omu 0.2 hadi 0.5. Waya wako wa sm 20 ni omu 1.66, kwa hiyo ziada hiyo si ndogo. Ukilazimika, gusanisha ncha mbili za multimita, andika inachosoma, na ukitoe katika kila kipimo.

Multimita ikitumika kama amita, angalia tundu. Tundu la miliampea mara nyingi lina fyuzi ya 200 mA, na 0.30 A itaikata. Tumia lile la 10 A. Multimita nyingi "zilizokufa" kwenye kabati za maabara zina fyuzi iliyokatika tu.

Grafu yangu haipiti kwenye sifuri. Nimekosea?

Pengine hujakosea kitu, ila una jambo la kueleza. Usiulazimishe mstari upite sifuri. Weka ukinzani kwenye mhimili wima, urefu kwa mita kwenye mhimili mlalo, na uchore mstari unaopita katikati ya nukta zako zote.

Chukua mfano wa mstari unaopita (0.20, 1.8) na (1.00, 8.6). Mteremko ni 6.8 kugawanya kwa 0.80, sawa na omu 8.5 kwa mita, na mstari unaukata mhimili wima kwenye omu 0.1. Hiyo 0.1 ni sawa na milimita 12 za waya. Kwa hiyo jiulize: je, urefu niliupimia nje ya klipu au ndani? Je, voltimita ilikuwa imeshika waya wenyewe au nyaya za kuunganishia? Ukinzani wa klipu unaongezwa kiasi kile kile kwa kila kipimo, ndiyo maana unausogeza mstari juu bila kubadilisha mteremko. Huu ndio uzuri wa grafu: mteremko unabaki safi hata kama klipu zako ni chafu. Anayegawanya kipimo kimoja tu, volteji kwa mkondo kisha kwa urefu, anabeba kosa hilo lote.

Pembetatu ya kupima mteremko iwe kubwa, ifunike zaidi ya nusu ya mstari, na pembe zake ziwe juu ya mstari, si juu ya nukta za data.

Ukinzani mahususi naupataje, na niuandike kwa tarakimu ngapi?

Zidisha mteremko kwa eneo la mkato. Kwa mfano wa juu, kipenyo cha 0.27 mm kinatoa eneo la 5.73 × 10⁻⁸ m², na 8.5 × 5.73 × 10⁻⁸ ni 4.9 × 10⁻⁷ Ω m. Kosa la mteremko likiwa asilimia 3 na la eneo asilimia 7, jumla ni asilimia 10, kwa hiyo andika (4.9 ± 0.5) × 10⁻⁷ Ω m. Kikokotoo kitakupa 4.8705, tarakimu hizo za mwisho maikromita yako haizijui. Mbili zinatosha.

Hitimisho linajibiwa kwa kulinganisha. Ukipata 5.3, umetofautiana na 4.9 kwa asilimia 8, na kosa lako ni asilimia 10, basi vipimo vyako vinakubaliana na thamani inayojulikana. Ukipata 7.0, kosa la kusoma halitoshi kueleza hilo. Rudi kwenye kipenyo na aina ya waya.

Nataka kuchunguza unene, lakini tuna waya wa namba moja tu.

Tumia nyuzi sambamba. Kata vipande vinne vya SWG 32 vyenye urefu sawa, sm 100. Pima kimoja, kisha viwili vikiwa pamoja, vitatu, vinne. Eneo linakuwa mara 1, 2, 3, 4, na ukinzani uwe karibu na omu 8.3, 4.2, 2.8 na 2.1. Usivisokote, kwa kuwa kusokota kunapunguza urefu kati ya klipu. Vilaze sambamba, ubane ncha kwa pamoja. Grafu ichore ukinzani dhidi ya 1 kugawanya kwa eneo, ndipo upate mstari ulionyooka. Ukichora dhidi ya eneo lenyewe utapata mchirizi uliopinda ambao hauthibitishi chochote kwa macho.

Na joto?

Hapo konstantani haikufai, kwa sababu ile ile iliyoifanya ifae kwa urefu. Tumia shaba yenye vanishi, ile ya mafundi wa kusuka mota. Mita 10 za SWG 36 (0.193 mm) zina omu 5.8 hivi. Zizungushe kwenye kijiti, ziingize kwenye neli yenye mafuta ya kupikia, na neli kwenye chombo cha maji unachokipasha. Kwangua vanishi kwenye ncha hadi shaba ing'ae. Kutoka nyuzi 25 hadi 85 ukinzani utapanda kwa omu 1.4 hivi. Mkondo usizidi 0.1 A, ili waya usijipashe wenyewe, na voltimita iwe ya dijitali, kwa kuwa mabadiliko yote ni kama 0.14 V. Koroga, subiri kipimajoto kitulie, ndipo usome. Vipimo vya wakati wa kupoa huwa bora kuliko vya wakati wa kupasha, kwa sababu joto linashuka polepole na mafuta yanapata muda wa kulingana na waya.

Daraja la mita lina faida gani juu ya amita na voltimita?

Daraja la mita ni waya wa mita moja unaolinganisha ukinzani wako na ukinzani unaojulikana. Halitegemei usahihi wa mshale wowote, linahitaji galvanomita (kifaa kinachoonyesha mkondo mdogo) ionyeshe sifuri tu. Weka waya wako wa mita moja upande wa kushoto na ukinzani unaojulikana wa omu 5 upande wa kulia, na usawa utapatikana karibu na sm 62. Chagua ukinzani unaojulikana kiasi kwamba usawa uangukie kati ya sm 30 na 70. Pima, badilishana pande, pima tena, chukua wastani, maana ncha za daraja zina ukinzani wake. Kigusio kiguse na kuinuliwa. Ukikiburuta kinaukwangua waya na unene wake hauwi sawa tena.

Maji ya chumvi au risasi ya penseli vinafaa?

Penseli inafaa, ingawa chapa moja na nyingine hutofautiana mno, kwa hiyo tumia penseli moja kwa uchunguzi mzima na usilinganishe na vitabu. Maji ya chumvi yaache. Mkondo wa betri huyachanganua maji, vipovu vya gesi hufunika elektrodi, na namba zinabadilika huku ukizitazama.

Hatari zipi niziandike kwenye mpango?

Zile zilizopo kweli. Waya unaweza kuunguza vidole: sm 20 za nikromu SWG 32 kwenye volti 3 bila riostati zinapitisha ampea 0.8. Swichi ifungwe sekunde chache tu kwa kila kipimo. Umeme wa ukutani usihusike kabisa. Na hili tunaliandika kwa uzito: betri ya gari, betri ya sola na betri za lithiamu za simu au kompyuta zisitumike kwa kazi hii, hata kama betri kavu zimekwisha. Zikiunganishwa kwa bahati mbaya bila ukinzani, zinaweza kutoa mkondo wa kuyeyusha waya na kuwasha moto.

Nukta moja imekataa kukaa kwenye mstari. Niifute?

Usiifute. Rudia kipimo hicho ukiwa bado na mzunguko mezani, ndiyo maana tunashauri nukta zichorwe kwa penseli huku unapima, si nyumbani jioni. Kipimo kipya kikikaa kwenye mstari, andika vyote viwili, zungushia duara cha kwanza, na useme hukukitumia na kwa nini. Kikibaki pale pale, huenda waya una jeraha au kona mahali hapo, nawe umegundua kitu. Nukta tisa zilizonyooka kama zimepigwa rula, kwa amita yenye alama za 0.02 A, hazitokani na maabara, na mwalimu mzoefu anazitambua kwa jicho moja.